Farasi Wasio na Maji

Nimestaafu Ijumaa iliyopita nikiwa na miaka ishirini na tisa. Msicheke. Bega langu la kulia ndilo lililostaafu kwanza, mimi nimelifuata tu. Daktari aliukunja mkono nyuma, akauinua mbele, akasikiliza bega linavyolia kama bawaba ya mlango wa choo, kisha akasema nisinyanyue tena kitu chochote juu ya kichwa changu. Na kazi yetu, kama mtakavyoona wenyewe kuanzia Jumatatu, yote iko juu ya kichwa.

Basi nyie wawili mnaochukua nafasi yangu, Auntie Saroj ameniambia niwaachie ukurasa mmoja wa maelekezo. Nimejaribu. Lakini mimi niliishia darasa la saba kule Ujiji, na mwalimu wangu alikuwa akisema Zuhura akianza kusimulia, kinachomnyamazisha ni kengele tu. Hapa karakana hatuna kengele. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini mtayasikia kwenye chai, wala hamtahitaji kuuliza. Mimi nitawaambia ya kazi.

Siku yangu ya kwanza sikuja kutafuta kazi. Nilikuja kumsuka dada mmoja aliyekuwa akifagia pale karakana. Nikafika Clairwood, hapa Durban, nimelowa, malori yamejipanga hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, nikamkuta dada mwenyewe ameacha kazi asubuhi ile ile. Ufagio wake ulikuwa umeegemea mlango. Nikaushika ili nisionekane nimesimama bure. Auntie Saroj akatoka ofisini na miwani yake kwenye paji la uso, akanitazama, akasema, "Pale kwenye kona bado." Nikafagia kona. Miaka minne baadaye nilikuwa bado nipo.

Auntie Saroj ndiye mwenye karakana. Ni Mhindi wa Durban, bibi yake alikuja kukata miwa, na yeye mwenyewe hawezi kupita mbele ya picha iliyopinda bila kuinyoosha, hata nyumbani kwa watu, hata msibani. Kazi yake, ambayo sasa ni kazi yenu, ni hii: picha zinakuja kwa meli kutoka nchi za watu, zimo ndani ya masanduku. Tunazitoa, tunazikagua, tunazitia fremu, tunakwenda kuzitundika kwenye kumbi. Watu wakishaziona, tunazirudisha masandukuni. Ukifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ulikuwepo.

Aliyenifundisha ni Papa Kasongo, seremala kutoka Lubumbashi. Mtamjua kwa penseli iliyo nyuma ya sikio, fupi kama njugu, sijui huwa anaishikaje. Kila mwanamke kwake ni Maman na kila mwanamume ni Papa. Paka wa karakana naye ni Papa. Siku ya tatu aliniita kwenye sanduku kubwa, akanipa bisibisi.

"Maman, uko na haraka?"

"Hapana, Papa."

"Bon. Sanduku haitaki mtu wa haraka."

Alinionyesha kwamba sanduku zuri linafungwa kwa skrubu, si kwa misumari, maana msumari unatoka kwa nyundo na picha inasikia kila pigo. Halafu likifika liache lipumzike siku nzima kabla hujalifungua, lizoee hewa. Durban ina unyevu, karatasi inavimba. "Hata wewe," akasema, "ukishuka kwa basi ya mbali, hautaki mtu akuulize maswali palepale." Glovu ni za pamba, lakini kwa fremu yenye varnishi mpya vua glovu, nawa mikono, shika kwa mikono mitupu. Hilo halimo kwenye kitabu chochote. Nilijifunza kwa kuacha nyuzi za glovu kwenye fremu ya watu.

Halafu kuna karatasi ya ukaguzi. Hii isomeni mara mbili. Kila picha ikitoka sandukuni, unachora umbo lake kwenye karatasi kwa penseli, unaipitia sehemu kwa sehemu na taa ya mkono, na kila kosa unalitia alama mahali pake: ufa, doa, kona iliyobonyea, kinyesi cha inzi. Kazi yetu ni kutafuta makosa ambayo hatukuyafanya sisi, na kuyaandika kabla hatujafanya ya kwetu.

Mimi hili lilinishinda. Nina moyo laini, nimezaliwa nao, hata nzi namfungulia dirisha. Karatasi yangu ya kwanza niliandika, "Picha ni nzuri sana, hasa mawingu." Papa Kasongo akaisoma kwa sauti mbele ya karakana nzima.

"Maman Zuhura, hii si barua ya mapenzi. Makosa iko wapi?"

"Sikuona kosa, Papa."

"Bintu byote biko na kosa. Hata mimi niko nayo. Muulize bibi yangu." Kwao bibi ni mke.

Nilicheka, lakini sikujifunza. Aliyelipia somo langu alikuwa yeye mwenyewe, na ninaona aibu mpaka leo. Mwaka wangu wa pili alikuja mama mmoja mzee wa mtaa wa Bluff, mchoraji wa mawe na mawimbi, mikono inatetemeka, anatuletea biskuti za tangawizi kwenye kopo. Fremu ya picha yake kubwa ilikuwa imeachia kidogo kwenye kona, nafasi ya unywele tu. Akaniona nimeiona. Akanishika mkono akaniomba nisiandike, akiogopa ukumbi utaikataa, na hayo yalikuwa maonyesho yake ya mwisho. Sikuandika. Siku ya tatu ya maonyesho kona ikafunguka, picha ikaanguka kwenye ngazi, ikapasuka. Karatasi yangu ilisema haina kosa. Basi kosa likawa la mkono wa mwisho kuishika, na mkono wa mwisho ulikuwa wa Papa Kasongo aliyeitundika.

Alirudishwa nyumbani bila mshahara. Hakunitaja. Alijua, maana yeye kona ile angeiona akiwa amefumba macho, lakini alichukua kofia yake akaondoka. Mimi nilinyamaza wiki moja, nikanyamaza ya pili, ndipo nikaingia ofisini kwa Auntie Saroj nikasema yote, nikilia makamasi. Papa Kasongo akarudi Jumatatu. Hakunifokea. Alinoa randa yake, akanywa chai yake, kisha akasema:

"Maman, huruma yako iliniweka nyumba majuma mawili. Majuma mawili ya maharage. Huruma ya kweli inaandika."

Niliapa. Na kiapo chenyewe, kama viapo vingi, kilikuwa rahisi mpaka siku kilipohitajika.

Sasa nifike kwa Nathu, ambaye kwa ajili yake nimeandika haya yote na ukurasa mmoja umegeuka kuwa huu mzigo.

Masanduku yalikuja kutoka India, picha kumi na moja, za Wabhili. Wabhili ni watu wa katikati ya India, wa misitu na mashamba ya mahindi, ambao tangu zamani walichora kwenye kuta za nyumba zao za udongo kabla hajatokea mtu wa kuwaambia kwamba hiyo ni sanaa. Siku hizi wengine huchora kwenye karatasi na turubai, kwa rangi za dukani, na picha zinasafiri. Nilifungua ya kwanza nikakaa chini. Farasi wa buluu, amejaa nukta kuanzia kwato hadi masikio. Si nukta za kujaza nafasi, ziko kwa mistari, zinageuka na shingo, zinapanda na mgongo, nyeupe, njano, nyekundu, kama mtu amepanga punje za mahindi mojamoja. Nilijaribu kuzihesabu kwenye shingo peke yake kwa ajili ya karatasi ya ukaguzi. Nilipofika mia tisa Papa Kasongo akaniuliza saa, nikapotea.

Kumi na moja zile nilizikagua siku nne. Hakuna kazi niliyoifanya polepole kama ile. Mwisho nilikuwa nazijua kama vichochoro vya Ujiji: hapa chui wawili mlangoni, hapa mtu analima na ng'ombe, hapa mwingine amepanda mnazi-pori kugema pombe, huku jua, huku mwezi, hapa kisima chenye ngazi. Kila mchoraji ana nukta zake, kama mtu alivyo na mwandiko wake. Hizi zote zilikuwa mwandiko wa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuja mwenyewe wiki iliyofuata. Nathu alikuwa mwembamba, mwenye masharubu makubwa kuliko uso, amevaa sweta mbili Durban hii tunayotokwa jasho. Alikuwa amealikwa kuchora picha moja kubwa mbele ya watu, siku tatu, kwenye ukumbi wa Morningside. Siku ya nne, Jumamosi, wageni rasmi. Jioni ile picha ingeingia sandukuni na kwenda ng'ambo kwa aliyeiagiza, na isingerudi.

Papa Kasongo alimtengenezea ubao mkubwa kama kitanda cha watu wawili, akauvika turubai, akaupaka nyeupe. Nathu akaunusa. Akasema kitu kwa Kihindi, Auntie Saroj akatafsiri, "Anasema ukuta wenu ni msafi lakini hauna harufu." Papa Kasongo hakujua kama amesifiwa. Akampa brashi mpya kumi za kila ukubwa. Nathu alimshukuru kwa mikono miwili, akaziweka kwenye glasi kama maua, kisha akatoa mfukoni vijiti vya mwarobaini alivyokuja navyo, akatafuna ncha ya kimoja mpaka ikawa laini, akaanza. Kazi yote aliifanya kwa vijiti. Mwarobaini! Nilipiga kelele kwamba hata sisi tunasugulia meno. Auntie akatafsiri, Nathu akanipa kijiti kimoja. Ninacho.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilishika ngazi, nilibadilisha maji, nilimwonyesha bomba kwenye kona ya ukumbi ambapo anaweza kuosha kijiti. Lile bomba alilipenda. Analifungua, maji yanatoka, analifunga, anacheka, anarudi kwenye farasi. Kila baada ya rangi moja, bomba.

Mchana tulikula pamoja wote wanne, tumekaa juu ya masanduku, bunny chow ya maharage, ule mkate tunaouchimba katikati na kuujaza mchuzi. Nathu alisema ni chakula chenye akili, sahani yenyewe unaila. Siku ya pili ndipo alipotusimulia. Auntie Saroj alitafsiri kwa Kihindi cha bibi yake, ambacho ni cha mashamba ya miwa na kina miaka mia, kwa hiyo mara nyingine Nathu alishika tumbo kwa kucheka kabla hajamjibu.

Alisema kwao picha kubwa kabisa, ile ya farasi wa Pithora, mungu wao, huchorwa nyumbani kwa mtu mwenye nadhiri. Mtoto alikuwa mgonjwa akapona, au mvua ilikatika ikarudi, basi unalipa nadhiri kwa farasi ukutani. Wachoraji wakimaliza, haijaisha. Anakuja mtabiri wao, wanamwita badwa, anasimama mbele ya ukuta, anaipitia picha umbo kwa umbo, na anasema nini hakipo. Mkia wa huyu. Nira ya yule. Mchoraji anaongeza. Badwa anatazama tena. Mpaka aseme basi. Hapo ndipo farasi husimama. Kabla ya hapo wamelala.

"Na asipoona kosa?" nikauliza.

Nathu alinishangaa. "Kosa lipo siku zote," Auntie akatafsiri. "Mkono unasahau. Ndiyo maana wako wawili, mmoja wa kuchora na mmoja wa kutazama."

Papa Kasongo akanigonga na kiwiko. Sikumtazama.

"Hii ya hapa si ile ya nadhiri," Nathu akaendelea. "Ile haitoki nyumbani. Hii ni ya kutazamwa. Lakini mkono ni ule ule, na umezoea kutazamwa." Akafuta mchuzi kwenye masharubu. Halafu akasema ameshachora kwenye kumbi nne, miji minne. Kila akimaliza huwauliza watu nini hakipo. Wanapiga makofi. Wanasema hakuna, nzuri sana, safi kabisa. Sanduku linafungwa. "Nina farasi wanne wakubwa wamelala kwenye nyumba za watu nisiowajua. Hii ni ya tano. Hii nayo ikilala, narudi kulima. Sitachora tena mbali na nyumbani." Alisema bila hasira, kama mtu anayekuambia basi la mwisho ni saa ngapi.

Auntie Saroj alipomaliza kututafsiria alitikisa kichwa. "Eish, wasanii," akasema, akaenda kupiga simu za wageni.

Ijumaa alasiri Nathu alimaliza. Akaenda kuvuta sigara nje, nami nikaanza karatasi yangu ya ukaguzi, maana Jumamosi jioni ingehitajika sandukuni. Nikachora umbo la picha. Nikapitia. Mlango na chui wawili. Mlimaji. Mgema. Jua, mwezi. Farasi watano, wawili wamebeba watu. Ng'ombe, mbwa, kanga, hata nge. Na nikajikuta nimesimama, kitu kinanikera, kama mtu anayehisi ameacha jiko linawaka. Nikarudi mwanzo. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa, mahali popote nikifika kwanza nauliza maji yako wapi. Wanyama wote wale, na jua lile kubwa, wanakunywa wapi? Zile kumi na moja zote zilikuwa na kisima. Hii haina.

Nikaandika pembeni kwa penseli: maji?

Halafu nikaogopa. Wewe Zuhura wa ufagio, utamwambia mtu wa watu kwamba amesahau? Labda ameacha kwa makusudi. Labda kwao ni siri. Na Auntie asubuhi ile alikuwa ametuambia, kwa kidole: "Kesho wageni wangu wakubwa wanakuja. Hakuna mtu kusema kitu kibaya. Tabasamu tu, mnanisikia?" Nikachukua ufutio, nikafuta.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Viatu vinang'aa, juisi kwenye glasi ndefu, mama mmoja wa Kizulu mpika chai amevaa kofia yake ya kanisani. Mimi na Papa Kasongo tulikuwa nyuma na ngazi yetu na pima maji, kama tunavyokaa siku zote, tayari kunyoosha kitakachopinda. Nathu alivaa sweta moja kwa heshima. Auntie Saroj alihutubia vizuri. Kisha Nathu akasogea mbele ya picha, akawageukia watu, akauliza. Auntie akatafsiri kwa tabasamu, "Bwana Nathu anauliza, kuna nini hakipo?"

Watu wakacheka kwa upole. "Hakuna!" akasema bwana mmoja wa tai. "Imekamilika!" akasema mwingine. Makofi.

Nathu akauliza tena. Makofi tena, zaidi. Nikamwona mabega yake yanashuka, kidogo tu. Mtu asiyemjua asingeona.

Papa Kasongo alikuwa ameshika karatasi yangu ya ukaguzi. Akainyanyua kwenye taa, akaiinamisha.

"Maman. Hapa pembeni uliandika nini ukafuta?"

"Hakuna kitu."

"Penseli imeacha mufereji. Nasoma na kidole." Akapitisha kidole. "Ma... ji." Akanitazama. "Maharage tena, Maman? Safari hii nani atayakula? Yule?"

Sijui niliiachaje ile ngazi. Najua tu nilikuwa katikati ya ukumbi, mkono juu kama darasani, tena ule wa kulia, wakati ule ulikuwa bado unapanda. "Auntie," nikasema, kwa Kiingereza changu cha kusukuma, "mwambie hakuna maji. Wanyama hawana pa kunywa."

Ukumbi mzima ukageuka. Auntie Saroj aliushusha uso wake kwenye ule wangu, na macho yake yaliniambia mambo ambayo sitayaandika kwa sababu amewaajiri. "Unataka nimwambie hivyo?" akasema polepole. "Mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo, Auntie. Tafadhali. Mimi ndiye mkaguzi."

Halafu, na kwa hili nitamheshimu mpaka kufa, alimgeukia Nathu akamwambia.

Nathu alitazama picha. Akaipitia yote, kidole kikitembea hewani kutoka mlangoni hadi jua. Akafika mwisho. Akajipiga paji la uso kofi ambalo lilisikika mpaka jikoni, kisha akaanza kucheka, anacheka ameinama, ananyoosha kidole kwenye kona ya ukumbi.

"Bomba!" akasema Auntie, naye ameanza kucheka bila kutaka. "Anasema ni lile bomba! Siku tatu hajachota maji. Nyumbani kila siku anakwenda kisimani kuosha kijiti, kisima kinamjia mkononi chenyewe. Hapa anafungua tu, maji yanatoka. Anasema bomba la Durban limemla kisima chake!"

Watu walicheka, lakini safari hii ni kicheko kingine, cha watu waliosogea mbele. Nathu tayari alikuwa anatafuna kijiti. Akachora kisima pale kati ya ng'ombe na mnazi, duara, ngazi, na nukta nyeupe za maji, haraka haraka, kama mtu anayemwagilia mche. Akamaliza, akanigeukia mimi. Si kwa Auntie. Kwangu.

"Na nini tena?"

Mimi nilifundishwa na Papa Kasongo. Nikasogea. "Chui wa kushoto hana jicho." Akamtia jicho. "Mgema hana kibuyu." Akampa. Hapo yule bwana wa tai akasafisha koo, akasema samahani, lakini huyu mtu juu ya farasi hana hatamu, ataanguka. Nathu akampigia saluti, akachora hatamu. Mama wa chai akapaza sauti kutoka nyuma: mbona kanga ni mmoja, kanga hatembei peke yake! Kanga wa pili. Ukumbi mzima ukawa unatazama. Dakika kumi kabla walikuwa na migongo kwenye picha na midomo kwenye glasi. Sasa walikuwa wameinama, wamevua miwani, wanabishana kuhusu kwato.

Mpaka ikafika mahali Nathu akauliza na hakuna aliyejibu. Si kwa adabu. Tulitafuta kweli, tukakosa. Akanitazama mimi, nikapitia kwa mara ya mwisho, kutoka mlangoni hadi jua. "Basi," nikasema.

Akatupa kijiti, akainua mikono, akatoa sauti sijawahi kuisikia, na mama wa chai akamjibu kwa vigelegele vya Kizulu vilivyotingisha glasi. Papa Kasongo alikuwa anapiga ngazi kama ngoma. Nathu akasema maneno mengi na Auntie Saroj akashindwa kuyatafsiri, anafuta macho na ncha ya sari, anasema Kihindi cha bibi yake hakifiki huko. Mwishowe akatoa neno moja.

"Wamesimama," akasema.

Picha iliingia sandukuni jioni ile, skrubu ishirini na nne, mimi na Papa Kasongo tukizikaza kwa zamu. Karatasi ya ukaguzi haikuingia. Nathu aliiomba. Auntie akamweleza kwamba ni karatasi ya ofisi, ina alama za makosa, si kitu kizuri. Nathu akasema ndiyo hasa anayoitaka, atampelekea badwa wa kwao ushahidi kwamba huku nako ametazamwa. Akaikunja mara nne akaiweka ndani ya sweta. Nilikaa nikaandika nyingine upya, na pale pembeni sikufuta kitu. Mwaka uliofuata ilikuja bahasha ya Nathu kutoka mji wa sita aliokwenda kuchora: farasi mdogo wa karatasi, ameinamisha kichwa, anakunywa. Yuko ukutani juu ya birika la chai karakana. Msimguse kwa mikono yenye gundi.

Tangu hapo, kabla sanduku halijafungwa, Auntie Saroj anasimama mwenyewe mbele yake na kuuliza: nini hakipo? Msimjibu "hakuna". Atawarudisha kutazama upya.

Ijumaa iliyopita walinifanyia karamu ndogo. Keki, juisi, hotuba. Kila mtu alinisifu. Zuhura mchapakazi, Zuhura mchangamfu, Zuhura hana baya. Nilishukuru, lakini ndani nilijisikia naanza kulala, kama farasi wale wanne. Kisha Papa Kasongo akainuka. Alikuwa na karatasi ya ukaguzi. Alikuwa amechora umbo la mtu mwenye kilemba kama changu, kwa ile penseli yake ya njugu, na alama za duara.

"Bon," akasema. "Ya kwanza: anatundika picha zake zote zinaegemea kushoto. Miaka mine nanyoosha nyuma yake, hajui." Sikujua kweli. "Ya mbili: anaongea na picha. Ya tatu: bega, hapa, iko na ufa, ni ya safari, si ya kiwanda." Watu wanacheka, mimi nimeshika mdomo. Akageuza karatasi. Upande wa pili alikuwa amechora karakana yetu yote: meza, randa, masanduku, birika, paka, Auntie Saroj, yeye mwenyewe, na ufagio umeegemea mlango. Akainyanyua kila mtu aione.

"Hii njo karakana kuanzia lundi," akasema, akimaanisha Jumatatu. "Mutazame muzuri. Museme nini inakosa."

Hakuna aliyepiga makofi. Auntie Saroj alikuwa wa kwanza kuinua mkono.